Mtufaha na Hesabu ya Baridi

Kila mtu anajua kwamba tufaha ni tunda la baridi, na ndiyo maana miche yake hupelekwa Njombe, Makete na Lushoto, si Kibaha. Lisilojulikana sana ni kwamba baridi ile ile inayoupa mtufaha matunda ndiyo inayoweza kuyaua. Inategemea imeukuta mti ukiwa umelala au umeamka.

Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini, baridi ikianza kuingia mtufaha hupukutisha majani na kulala. Maua ya msimu ujao yamekwisha kuumbika ndani ya macho yake, lakini joto pekee haliwezi kuyafungua. Lazima kwanza mti upitie saa za kutosha za baridi, hasa ile ya kati ya nyuzi 0 na 7 za Selsiasi. Aina nyingi za zamani huhitaji takribani saa 800 hadi 1,200. Hesabu hiyo ni kinga, kwani mti ambao ungeamshwa na siku tatu za jua mwezi Januari ungeunguzwa na Februari. Saa zisipotimia, mti huamka ovyo: tawi moja linachanua, jingine linabaki kijiti kitupu, na mavuno huwa haba.

Mti uliolala una nguvu ya ajabu. Sehemu ya maji hutoka ndani ya seli na kugandia nje yake, huku sukari ikizuia yaliyobaki yasigande. Ndani ya mbao, maji ya baadhi ya seli hubaki kimiminika hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Yakiganda hapo, seli hufa. Jimbo la Minnesota nchini Marekani hufikia baridi ya namna hiyo. Peter Gideon, aliyehamia huko miaka ya 1850, aliona miti yake mingi ikifa kabla ya kupata mmoja uliostahimili. Mwaka 1868 akautoa kwa wakulima kwa jina la mkewe, Wealthy. Chuo Kikuu cha Minnesota kimeendelea na kazi ya kuzalisha aina za baridi kali, na mwaka 1991 kikatoa Honeycrisp.

Lakini mti huo huo, uliovuka nyuzi 30 chini ya sifuri bila kudhurika, hupoteza mavuno kwa usiku mmoja ukishachanua. Ua lililofunguka huanza kufa kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Zikifika 4, karibu yote yamekwenda. Wakulima wengine hunyunyizia miti maji usiku kucha, kwa sababu maji yanapoganda hutoa joto na kuliacha ua karibu na sifuri. Ukikatisha mapema, hasara huwa kubwa zaidi.

Kwetu, aina zinazofaa ni zile zisizodai baridi nyingi. Anna, iliyozalishwa Israel, na Dorsett Golden, iliyotoka Bahamas, hutosheka na takribani saa 300 au pungufu, na hupandwa pamoja ili zichavushane. Huko Batu, Java, hata kiasi hicho cha baridi hakipatikani. Wakulima huyang'oa majani kwa mkono baada ya kuvuna ili kuuamsha mti, na huvuna mara mbili kwa mwaka.

Wasiwasi wangu uko kwenye mabonde ya nyanda za juu kusini, ambako sakitu ya Juni na Julai huunguza hata majani ya viazi. Aina isiyodai baridi nyingi hutimiza saa zake upesi. Ikipata siku chache za joto huchanua, na sakitu ikirudi inakuta maua wazi. Mahali pa namna hiyo sishauri Anna, hata kama miche yake ndiyo iliyo rahisi kupatikana. Aina inayodai saa nyingi zaidi ingechelewa kuamka, na kuchelewa huko ndiko kungeiokoa.

Hewa baridi ni nzito, hutiririka usiku na kutuama bondeni. Panda katikati ya mteremko, na kama kuna ua wa miti chini ya shamba, acha pengo hewa ipite. Kabla ya kununua miche, tundika kipimajoto shambani kwako, kivulini, uandike kiwango cha chini cha kila usiku kuanzia Mei hadi Septemba. Daftari hilo mpelekee bwana shamba mchague aina pamoja.