MTB ya Mtumba Inacheza Stelingi? Soma Hii Kabla Ikumwage

Umeokota MTB ya mtumba pale Emali ama Kitui mjini. Fremu iko fiti, gia zinaingia, rangi bado inashika. Unafika kona ya kwanza, unakata stelingi kushoto, na tairi ya mbele inaendelea na safari yake moja kwa moja kama haijakusikia. Ama unashika breki ya mbele na unasikia "kok!" hapo kwa shingo. Buda, usiichukulie poa. Breki ikikataa bado unaeza kuweka mguu chini. Stelingi ikikataa, uso ndo unafika kwanza.

Naandika hii juu huku Ukambani baike si ya mazoezi ya wikendi. Mtu anafunga mitungi ya lita 20 nyuma, anaivuta kwa mchanga wa Tiva ama Thwake, kisha anapanda nayo mlima hadi home. Na mafundi wetu wengi walikulia kwa Black Mamba. Hiyo wanaijua hata wakifumba macho. MTB ya miaka ya 90 iliyoshuka na meli Mombasa nayo ina vipimo vyake, na hapo ndo nyundo huanza kutembea.

Kwanza tuelewane majina. Foku ndo inashika tairi ya mbele. Juu yake kuna paipu inayopanda ndani ya shingo ya fremu. Stemu inaunganisha hiyo paipu na stelingi. Juu na chini ya shingo kuna vikombe vya golori, hiyo tunaiita hedseti.

Sasa, kuna mifumo miwili. Wa zamani: paipu ya foku ina thredi juu, na nati mbili kubwa zinafunga golori. Stemu inazama ndani ya paipu. Chini ya stemu kuna kabari, na bolti ndefu kutoka juu inaivuta hiyo kabari hadi inabana ukuta wa paipu. Mfumo wa pili uliingia sokoni na Dia-Compe mwanzo wa miaka ya 90 kwa jina Aheadset. Huu paipu haina thredi, inatokeza juu ya fremu, na stemu inaikumbatia kwa nje na bolti za kando. Ukiona shingo nyembamba inayozama na bolti moja juu, yako ni ya zamani. Ukiona bolti mbili kando na kifuniko juu, ni ya kisasa.

Kwa namba ndo wasee huchomeka. MTB za kwanza kwanza zilikuwa na paipu ya inchi 1, yaani milimita 25.4 kwa nje, na stemu ya kuzama humo ni 22.2. Baadaye ikaja inchi 1 na moja ya nane, 28.6 kwa nje, na stemu yake ya kuzama ni 25.4. Umeona mtego? 25.4 ni unene wa paipu ndogo, na tena ni unene wa stemu ya paipu kubwa. Na hata stelingi nyingi za MTB za enzi hizo hupima 25.4 pale katikati zinaposhikwa. Ukimwambia muuzaji akupee "stemu ya 25.4", anaeza kukupea vitu vitatu tofauti na asiwe amekudanganya. Mwambie ni 25.4 ya wapi.

Hauna venia ya kupimia? Kata karatasi nyembamba, izungushe mara moja kwa ile sehemu ya stemu inayozama, weka alama, inyooshe na uipime na rula. Ikitoka karibu sentimita 7, hiyo ni 22.2. Ikitoka 8, ni 25.4. Ikitoka 6.6, hapo una 21.1, na ngori imeanza.

Hizo za 21.1 zilikuwa za BMX na baiskeli za bei ya chini za soko la Marekani. Ukiitia kwa paipu ya 22.2 inaingia kiulaini, inacheza, na fundi anachomoa ule ujanja wa mkebe wa soda: anakata bati, anazungushia, anakaza. Inashika siku mbili. Pengo ni zaidi ya nusu milimita kila upande na bati ya mkebe ni nyembamba sana, kwa hivyo anazungusha mara nne ama tano, na hizo tabaka zinateleza zenyewe kwa zenyewe. Tafuta stemu ya saizi yake. Mkebe wa soda acha ubaki na soda.

Kuna kosa moja nalijua kwa kidevu changu. Mimi ni mrefu na baike ilikuwa ndogo, nikavuta stemu juu ndo mgongo usiniume. Stemu za kuzama huwa na mstari umeandikwa MAX HEIGHT ama MIN INSERT, na ukiuona juu ya nati ujue umepitisha. Mimi niliuona nikadhani ni urembo. Siku moja natelemka upande wa Mbooni, sijagonga jiwe wala shimo, stelingi ikabaki kwa mikono na tairi ikaenda kwake. Stemu yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Kilichopasuka ni paipu ya foku, pale kwa thredi.

Sababu ni hii. Thredi zimekula ukuta wa paipu, kwa hivyo pale juu ndo kwembamba zaidi. Kabari ikikazwa hapo inasukuma ukuta kwa nje, ufa unaanza taratibu, na hauuoni juu umefichwa na nati. Ule mstari upo ndo kabari ishuke chini, mbali na thredi. Na kuna noma ingine juu ya hiyo: kama foku ilikuwa ndefu na fundi akaichonga thredi zaidi kuteremka, hata ukiheshimu mstari kabari inaeza kukalia thredi. Chomoa stemu, angalia na tochi, ama ulizia foku ina historia gani. Ukitaka stelingi ipande, nunua stemu ndefu zaidi ama stelingi iliyokunjwa kwenda juu.

Haya, na ikiwa stemu imekwama? Hii ni kawaida sana kwa mtumba, juu aluminiamu ikikaa ndani ya chuma miaka 20 bila grisi, zinashikana kabisa. Legeza bolti ya juu mizunguko mitatu hivi, usiitoe yote. Weka kipande cha mbao juu ya kichwa cha bolti na ugonge mara moja ya nguvu, kabari iachilie. Shika tairi ya mbele katikati ya magoti na uzungushe stelingi. Ikikataa, pindua baike, toa tairi, na umwage mafuta ya kupenya kutoka chini, juu paipu nyingi za foku ziko wazi pale chini. Iache ilale usiku mzima, kisha urudie.

Kitu hautaki ni moto. Nimeona fundi akiwasha gesi na kupasha stemu yenyewe. Aluminiamu ikipata joto inavimba karibu mara mbili ya chuma, kwa hivyo unaikaza zaidi huko ndani, na golori zako zinapoteza grisi juu ya hiyo. Ikishatoka, pangusa, paka grisi stemu yote inayozama, rudisha.

Ile "kok" ni shida tofauti na stemu. Shika breki ya mbele, weka kidole pale shingo inakutana na kikombe, sukuma baike mbele na nyuma. Kidole kikihisi mwendo, hedseti imelegea. Kwa mfumo wa zamani, kukaza bolti ya stemu hakusaidii chochote. Unataka spana mbili bapa, za 32 kwa paipu ya inchi 1 ama 36 kwa ile kubwa: ya chini inashika kikombe, ya juu inafunga nati. Kwa mfumo wa kisasa, legeza kwanza bolti za kando, kaza kifuniko cha juu kidogo tu hadi mchezo uishe, kisha funga za kando. Watu hukaza kifuniko kama kimebeba stelingi. Hakibebi, kazi yake ni kusukuma tu.

Ukiamua kubadilisha foku, jua foku ya inchi 1 na moja ya nane haipiti kwa fremu ya inchi 1, hata fundi akiapa. Zile za siku hizi zenye paipu nono kwa chini pia haziingii fremu za zamani. Stemu ya kisasa nayo haifungwi juu ya thredi. Kuna adapta inayozama kama stemu ya zamani na kutokeza juu ikiwa 28.6, hiyo ndo inakuruhusu kutumia stemu mpya. Na nati za Raleigh za kitambo zina thredi 26 kwa inchi, wakati foku nyingi zingine za inchi 1 ni 24. Ukiona nati inaingia mzunguko mmoja kisha inakuwa ngumu, toa. Usiongeze spana.

Ukienda kwa fundi, beba stemu yako ya zamani mfukoni. Akimaliza, simama mbele ya baike, bana tairi kwa magoti, na ukate stelingi kwa nguvu ya mikono yote mbili. Ikisonga hata kidogo, arudie hapo hapo ukiangalia. Panda bila mzigo hadi barabarani na urudi ukifunga breki ya mbele mara kadhaa. Mitungi funga baadaye.