Msamaha Hauanzii Dirisha la Malipo

KUJUA HUDUMA ZA ENEO LAKO: Sehemu ya pili

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulipanda ngazi za matibabu: zahanati ya kijiji, kituo cha afya cha kata, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, na juu zaidi hospitali za kanda kama Bugando na KCMC, hadi Muhimbili. Tuliona kwamba fomu ya rufaa ndiyo inayomhamisha mgonjwa kutoka hatua moja hadi nyingine. Leo tunaingia kwenye ngazi ya pili. Hii haina wodi wala gari la wagonjwa, na kwa sababu hiyo wengi huijua wakiwa wamekwisha kuchelewa. Ni ngazi ya kutambuliwa: ofisi ya kijiji au mtaa, ofisi ya kata, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri.

Ngazi hizi mbili hukutana kwenye dirisha la malipo. Mpokea fedha huuliza kama una bima, na kama huna, kama una hela. Asiye na chochote kati ya hivyo huanza kujieleza mbele ya mtu asiye na mamlaka ya kumsamehe yeyote. Hapo ndipo lilipo tatizo ninalotaka kulieleza. Sehemu kubwa ya msaada uliopo nchini Tanzania haitolewi pale unapohitajika. Humfikia mtu ambaye jina lake lilikwisha kuandikwa mahali pengine, mapema. Kutafuta huduma, kwa hiyo, ni kazi ya siku za uzima.

Msamaha ulitoka wapi

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilieneza zahanati na vituo vya afya vijijini, na matibabu katika vituo vya umma yakawa bure. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, dawa zikaadimika na majengo yakachakaa. Mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa uchangiaji, kwanza katika hospitali kubwa, kisha ukashuka hatua kwa hatua hadi ngazi za chini. Ilifahamika wazi kwamba wapo wasioweza kuchangia, hivyo malipo yalikuja pamoja na misamaha. Anayeomba msamaha haombi hisani ya daktari mwenye huruma. Anadai upande wa pili wa sera ileile iliyoleta malipo.

Misamaha hiyo ni ya namna mbili, na kuichanganya huleta usumbufu mwingi. Ya kwanza hufuata kundi au ugonjwa. Mjamzito anayehudhuria kliniki au kujifungua, mtoto wa chini ya miaka mitano, mwenye kifua kikuu, mwenye ukoma na anayetumia dawa za kufubaza makali ya VVU, hawa wamo kwenye sera bila kuulizwa wana mali kiasi gani. Chanjo na uzazi wa mpango vimo humohumo. Kwao ushahidi ni kadi ya kliniki au rekodi ya ugonjwa.

Ya pili hufuata uwezo. Hapa yumo mtu yeyote anayeshindwa kulipa, na wamo wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, lakini matibabu bure yanamlenga mzee asiyejiweza. Umri pekee hautoshi, lazima kuwe na anayethibitisha kwamba mzee huyu hana kipato wala wa kumtunza. Uthibitisho huo hautoki hospitalini. Daktari anaweza kupima sukari ya mgonjwa, lakini hajui kama ana ng'ombe kumi au hana hata kuku.

Nani ni nani mtaani

Anayejua ni jirani, na ujirani huo una ofisi. Mijini watu wengi huanzia kwa mjumbe, yaani balozi wa nyumba kumi. Mfumo huo ulijengwa chini ya TANU miaka ya 1960, na tangu vyama vingi viliporejea mwaka 1992, balozi ni kiongozi wa chama, si wa serikali. Anaweza kukusindikiza na kukutambulisha kwa kuwa anawajua watu, ila barua yenye nguvu hospitalini ni ile yenye muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji.

Katika ofisi hiyo wapo watu wawili. Mwenyekiti huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, na uchaguzi wa mwisho ulifanyika Novemba 2024. Mtendaji ni mwajiriwa, ndiye anayetunza daftari la wakazi na kumbukumbu za mikutano. Uongozi ukibadilika, mwenyekiti mpya huenda asikujue kabisa, lakini daftari hubaki. Hakikisha wewe na watu wote wa kaya yako mmeandikwa humo, hasa mkiwa wapangaji. Wapangaji wengi hukaa mtaani miaka mingi wakijulikana kwa mwenye nyumba peke yake.

Wa tatu ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, maarufu kama WAJA. Hutembelea kaya, hufuatilia wajawazito na watoto, hukumbusha wagonjwa dawa, na huandika rufaa kwenda zahanati. Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa kwa kujitolea, chini ya miradi iliyokuja na kuondoka. Mwanzoni mwa 2024 serikali ilizindua mpango wa kitaifa unaolenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 katika kipindi cha miaka mitano. Muulize mtendaji jina la mhudumu wa kitongoji chako. Huyu ndiye mtu pekee katika mfumo wote wa afya ambaye kazi yake ni kuja kwako.

Wa nne hukaa mbali kidogo: afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye mwenzake hupatikana pia katika hospitali za wilaya na za mikoa. Wengi humjua kwa migogoro ya ndoa na matunzo ya watoto, na hayo kweli ni majukumu yake. Lakini ndiye pia anayemhoji mgonjwa asiye na fedha, kupitia vielelezo vyake na kupendekeza asamehewe malipo yote au sehemu yake. Usisubiri mtu akupeleke kwake. Ukifika mapokezi, sema waziwazi: "Naomba kuonana na ustawi wa jamii."

Barua na mkutano

Afisa huyo huamua kwa kutumia anachokiona mezani. Barua ya utambulisho isemayo tu kwamba mhusika ni mkazi wa mtaa fulani haimsaidii sana. Barua nzuri hutaja jina kamili, umri, idadi ya watu katika kaya, chanzo cha kipato kama kipo, na nani anamtunza mgonjwa. Hubeba picha ndogo iliyogongwa muhuri na saini ya mtendaji. Ambatanisha kitambulisho cha taifa au cha mpiga kura. Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa aulizie kwa mtendaji ni uthibitisho gani wa umri unaokubalika katika halmashauri yake, na aulize mapema. Ukiambiwa ulipie kitu, omba namba ya kumbukumbu ya malipo na stakabadhi. Malipo halali ya serikali hayakosi vitu hivyo.

Zaidi ya barua kuna mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18 na unapaswa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu. Wengi huukwepa wakidhani ni mahali pa michango na hotuba. Ila mipango mingi ya msaada hupita hapo. Tuchukue TASAF, mfuko ulioanzishwa mwaka 2000. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini hauandikishi mtu kwa kubisha hodi ofisini siku yoyote. Kunakuwa na kipindi cha utambuzi, majina yanatajwa na jamii yenyewe, yanahakikiwa, kisha yanasomwa hadharani. Kaya inayoingia hupata ruzuku, na sehemu ya ruzuku hiyo inafungamanishwa na watoto wadogo kupelekwa kliniki na wakubwa kuhudhuria shule. Asiyefika mkutanoni wala kuwakilishwa hutegemea bahati ya kukumbukwa.

Kikwazo kingine ni aibu. Kusimama mbele ya majirani na kukubali kuitwa kaya maskini ni jambo zito, na wapo wazee waliokataa jina lao lisomwe ili wasiwatie watoto wao fedheha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na umaskini unaofichwa hufuata njia hiyohiyo. Viongozi nao wana wajibu wa kuuendesha utambuzi kwa staha. Orodha ikisomwa kwa kejeli, walengwa halisi watabaki nyumbani.

Bibi mmoja, safari mbili

Tumfikirie bibi wa miaka 71 anayelea wajukuu wawili kijijini na anaugua kisukari. Kidonda cha mguu kimemtokea. Katika safari ya kwanza, hajulikani na ofisi yoyote. Anapuuzia kidonda hadi mguu unavimba, jamaa wanachanga nauli, wanampeleka moja kwa moja hospitali ya mkoa bila rufaa. Wanadaiwa, na kijana mmoja anarudi kijijini kufuata barua huku mgonjwa akisubiri.

Katika safari ya pili, mhudumu wa afya amemwandika tangu mwaka jana. Kijiji kimepeleka jina lake halmashauri, naye amepewa kitambulisho cha matibabu kwa wazee wasiojiweza. Mhudumu anakiona kidonda kikiwa kidogo na kumwandikia rufaa ya zahanati. Ikibidi kupanda ngazi, anapanda na fomu ya rufaa mkono mmoja na kitambulisho mkono wa pili. Kijiji ni kilekile, hospitali ni zilezile, na bajeti ya serikali haijaongezeka hata shilingi. Tofauti ni jina lililoandikwa mapema.

Hata hivyo tusidanganyane. Msamaha unafuta bei, haujazi rafu za duka la dawa. Dawa ikikosekana kituoni, mwenye msamaha naye huambiwa akanunue nje. Wala msamaha wa tiba haulipi nauli. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam iliugundua ukuta huo kwa wanawake wenye fistula: matibabu yalikuwa bure, lakini wengi walikwama mikoani. Mwaka 2009 ikaanza kutuma fedha za nauli kwa M-Pesa kwa mabalozi wake waliokuwa wakiwatafuta wagonjwa na kuwakatia tiketi za basi. Unapoulizia huduma yoyote, uliza pia habari ya usafiri na dawa.

Mambo yasiyosubiri barua

Kuna hali ambazo hazifuati mpangilio huu. Mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, piga 115, namba ya bila malipo ya mfumo wa m-mama, ambao hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa karibu nawe. Ukatili dhidi ya mtoto unaripotiwa kwa namba 116, nayo ni bure. Kwa taarifa za afya kuna 199 ya Wizara ya Afya.

Aliyebakwa anatakiwa afike hospitalini haraka, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72. Asioge wala kufua nguo alizovaa. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo ndipo fomu ya polisi namba 3 (PF3) hutolewa. Aliyeumia vibaya apelekwe hospitali kwanza, ndugu mwingine afuate fomu.

Visiwani utaratibu una sura yake. Zanzibar mlango wa kwanza ni sheha, ambaye huteuliwa, hachaguliwi. Huko ilianza Aprili 2016 pensheni jamii kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, kwa kiwango cha kuanzia cha Sh 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa. Aliyetimiza umri huo na hajaandikishwa aanzie shehiani.

Ukizungushwa

Kila zahanati na kituo cha afya cha umma kina kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Wajumbe wake ni watu wa eneo lako, na tangu fedha za uendeshaji zilipoanza kupelekwa moja kwa moja vituoni, kamati ina sauti katika matumizi. Peleka lalamiko kwao kwa maandishi, likiwa na tarehe, jina la huduma na jibu ulilopewa. Lisiposhughulikiwa, ngazi inayofuata ni mganga mkuu wa wilaya. Lalamiko lililoandikwa lina pa kufuatiliwa; la mdomo hupotea zamu inapobadilika.

Wapo watakaosema haya yote yatapitwa na wakati, maana Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mimi naona kinyume. Sheria hiyo inataka mwenye uwezo achangie na asiye na uwezo agharimiwe, na kabla ya kumgharimia ni lazima ajulikane ni nani. Orodha ya kijiji itakuwa na thamani kubwa kuliko ilivyokuwa wakati wa barua na mihuri. Aliye nje ya orodha leo ana kila sababu ya kuhangaika sasa.

Kabla ya wiki ijayo, fika ofisi ya mtaa au kijiji chako ukaulize mambo manne: kama kaya yako imo kwenye daftari, nani ni mhudumu wa afya wa eneo lako, mkutano mkuu ujao ni lini, na wazee wasiojiweza wanaandikishwa kwa utaratibu gani. Majibu yaandike, uyabandike nyumbani pamoja na zile namba tatu.

Sehemu ya tatu itahusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: nani anastahili, kikundi kinasajiliwaje, na kwa nini maombi mengi hukwama kwenye kata.