Stelingi Huzaliwa Karatasini

Katika vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea filamu, vya Ilomba, kama kwingineko jijini Mbeya, shujaa wa filamu za Marekani huitwa stelingi, na humfikia mtazamaji akiwa amekwisha kamilika: ana nguvu, ana vazi, ana adui, na DJ anayetafsiri, kwa mtindo uliojizolea sifa kupitia Lufufu, amemtilia na Kiswahili kinywani. Wengi humjua hivyo bila kuwahi kushika kitabu cha katuni alikotoka. Ndiyo maana mpenzi wa katuni akilalamika kwamba filamu hizi siku hizi zinafanana, mji unabomoka, mwanga unapasua mawingu, stelingi anashinda, huonekana mtu wa kununa tu. Mimi naona malalamiko yake ni ya haki, tena yanatuhusu sisi tunaotamani stelingi wetu wenyewe.

Chukua Black Panther ya mwaka 2018, iliyotufurahisha mno kwa kuwa na Lupita Nyong'o na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Ilipokelewa kama kitu kipya kabisa, lakini mfalme T'Challa alitungwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, tena kama mgeni ndani ya kitabu cha mashujaa wengine. Killmonger, adui ambaye hoja zake ziliwafanya watazamaji wabishane hata baada ya taa kuwashwa, alitokea mwaka 1973 katika Jungle Action, kijitabu cha senti 20 za Marekani kilichoandikwa na Don McGregor. Wale wanawake walinzi wa mfalme, Dora Milaje, waliletwa na Christopher Priest mwaka 1998. Kwa hiyo yale tuliyoyapenda zaidi yalikuwa yamekwisha kuchorwa, kusomwa na kurekebishwa kwa miongo mitano. Filamu yenyewe iligharimu takriban dola milioni 200, na mwenye kumwaga fedha kama hizo huogopa kujaribu jambo ambalo halijapimwa. Mchoraji haogopi hivyo. Akikosea toleo hili atajisahihisha toleo lijalo, na hasara yake ni wino na karatasi.

Hapa kwetu uwanja wa kujaribia namna hiyo ulikuwepo. Gazeti la katuni la Sani, lililoanza miaka ya 1970, liliwapa wasomaji wahusika kama Ndumilakuwili, Lodilofa, Pimbi na Kipepe, na kalamu ya Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986, ingali inaonekana katika mikono ya wachoraji waliomfuata. Wahusika hao hawakuwa watu wa kuruka angani, walikuwa watu wa mtaani wenye hila na tamaa zao, lakini waliishi na msomaji toleo baada ya toleo hadi majina yao yakawa lakabu za watu. Wasomaji hao walikuwa watu wazima, na hilo linatosha kumjibu anayesema katuni ni mambo ya watoto.

Pingamizi zito zaidi linatoka Kenya. Supa Modo ya Likarion Wainaina, pia ya 2018, ni filamu nzuri ya shujaa isiyotokana na katuni yoyote. Nakubali. Lakini shujaa wake, binti mgonjwa, anapata nguvu zake kwa sababu kijiji kizima kimeamua kumwaminisha kwamba anazo. Hadithi inaishia naye, wala haihitaji adui mwingine wala sehemu ya pili. Stelingi wa kudumu anahitaji miaka. Na anayehofia kwamba vijana hawatamudu bei ya katuni akumbuke kuwa katuni ya Shujaaz ilianza mwaka 2010 nchini humo humo ikigawiwa bure pamoja na gazeti, na vijana wakaisoma.

Nyanda za Juu Kusini zina hadithi inayosubiri kalamu. Chifu Mkwawa wa Wahehe aliangamiza kikosi cha Wajerumani cha Zelewski kule Lugalo mwaka 1891, akawindwa miaka minne baada ya ngome yake ya Kalenga kuanguka, akajiua mwaka 1898 asikamatwe, na fuvu lake likarudi kutoka Ujerumani mwaka 1954. Watasema huyo ni babu wa watu, si kikaragosi. Ni kweli, na ndiyo sababu simtaki kwanza kwenye filamu ya saa mbili, ambayo ingembakiza na Lugalo tu. Katika visanduku vya katuni kungekuwa na nafasi ya ile miaka minne ya msituni: njaa, wasaliti, na wanakijiji waliomficha wakijua adhabu yake.