Mtu Akibadilika Tabia, Tuutazame Ubongo Wake Kwanza

Sigalame ni mahali katika nchi ya Wasamia, kusini mwa mji wa Busia, upande wa Kenya wa mpaka wa Uganda. Mto Sio hupita katika nchi hizo ukielekea Ziwa Viktoria, na kandokando yake pana vichaka vyenye kivuli ambapo ng'ombe hunywa maji na watoto huoga. Vichaka hivyo vina habari kubwa ihusuyo ubongo wa binadamu, nayo ndiyo tutakayoisimulia leo.

Tuseme kwamba katika kijiji kimoja cha huko alikuwako mkulima mpole, ambaye mkewe hajapata kumsikia akitukana. Alishikwa na homa iliyokuja na kuondoka, na baada ya majuma kadhaa watu wa nyumbani kwake wakaona mambo mapya. Akawa mwepesi wa hasira. Akasahau majina ya watoto wa ndugu yake. Mchana alisinzia na tonge mkononi. Usiku wa manane alizunguka uani akisema peke yake. Jirani wa kwanza alisema ni uvivu. Wa pili alisema ni pombe. Wa tatu alinong'ona habari za uchawi, na kaka yake akatafuta kamba ya kumfunga.

Mkulima huyu ni wa mfano tu, lakini dalili zake si za kubuni. Ndizo dalili za malale, ugonjwa uambukizwao na mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Wote waliomhukumu walitazama tabia yake, wala hapana aliyefikiri habari za ubongo wake.

UBONGO NA WAJUMBE WAKE

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi. Hiyo ni sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini ubongo hula sehemu 20 katika 100 za nguvu zote ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Ndani yake mna chembe za fahamu zipatazo bilioni 86. Wenyewe umekaa gizani ndani ya fuvu. Haujapata kuona jua wala kusikia ngoma. Habari zote huletewa na wajumbe wake, ndio macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, kwa njia ya mishipa ya fahamu.

Mishipa hiyo haiendi kwa mwendo mmoja. Ile iliyo myepesi hupeleka habari kwa kasi ifikayo mita 100 kwa sekunde. Mingine, ichukuayo maumivu ya polepole, huenda kama mita 1 tu kwa sekunde. Ndiyo sababu mtu ajikwaaye kidole kwenye jiwe huhisi kwanza kwamba amegonga kitu, na baada ya kitambo kidogo maumivu makali ndiyo yaja. Na mama agusaye sufuria ya moto huondoa mkono kwa amri ya uti wa mgongo, kabla ubongo haujajua kuna nini.

Basi upole wa mtu, kumbukumbu yake, haya yake, hata saa yake ya kulala, vyote hutegemea uzima wa chembe hizo. Malezi na mila huzifundisha, lakini zikidhuriwa, mafunzo hayo huweza kupotea hata kama mtu ni mwema kabisa.

MAAFA YA PWANI YA ZIWA

Mwaka 1901 ndugu wawili madaktari wa hospitali ya Mengo, Albert Cook na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa malale katika Uganda. Wakati huo nchi ya Wasamia ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Ilitiwa upande wa pili mwaka 1902, mpaka ulipohamishwa. Lakini mdudu hajui mpaka. Ugonjwa ulienea katika Busoga, Buganda, visiwa vya ziwa na pwani yake hata ukafika Samia na Nyanza. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 250,000 walikufa kati ya mwaka 1900 na 1920.

Mwaka 1902 Aldo Castellani, tabibu Mwitalia aliyekuwa Entebbe, alitazama kwa darubini maji yaliyotolewa katika uti wa mgongo wa mgonjwa, akaona vijidudu vyembamba vikijinyonganyonga. Ndivyo viitwavyo tripanosoma. Mwaka uliofuata alifika David Bruce, ambaye tangu mwaka 1895 alikuwa amekwisha kuonyesha katika nchi ya Wazulu kwamba mbung'o huambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alisaidia kukusanya nzi kutoka kila upande, na ikaonekana kwamba palipo na malale ndipo palipo na mbung'o. Kuanzia mwaka 1906 mtawala wa Uganda, Hesketh Bell, aliamuru watu wahamishwe umbali wa maili 2 kutoka ufukoni. Vijiji vikabaki magofu, na mashamba yakarudi kuwa msitu.

SAA ILIYO KICHWANI

Mbung'o akiisha kuuma, vijidudu hukaa kwanza katika damu. Mgonjwa hupata homa, kichwa humwuma, na pengine uvimbe hutokea mahali alipoumwa. Ubongo hauko wazi kwa kila kipitacho katika damu. Una boma lake, na kuta za mishipa midogo ya damu huchagua cha kupita na cha kuzuiwa. Lakini mwishowe vijidudu hivi hupenya. Hapo ndipo tabia inapoanza kubadilika.

Jina la ugonjwa huu limewapoteza wengi, kwa maana wanadhani mgonjwa hulala kuliko watu wengine. Waliopima usingizi wa wagonjwa kwa vyombo wameona kwamba jumla ya saa zao za kulala kwa siku haikuzidi sana. Kilichoharibika ni mpango wake: usingizi umekatikakatika, umehama usiku na kuingia mchana. Ndani kabisa ya ubongo, juu ya mahali mishipa ya macho mawili inapopishana, mna kifundo kidogo cha chembe zipatazo 20,000. Hiyo ndiyo saa ya mwili. Hupokea mwanga kutoka machoni, nayo huamuru wakati wa kuamka, wa njaa na wa usingizi. Mwaka 2018 wataalamu wa Ureno na Marekani walieleza kwamba panya walioambukizwa vijidudu hivi saa yao ilikwenda mbio kuliko ya panya wazima. Kwa hiyo yule asinziaye na tonge mkononi hana uvivu hata kidogo. Saa yake imeharibiwa.

Mambo haya si ya Afrika peke yake. Mwaka 1917 Constantin von Economo, tabibu wa Vienna, alieleza ugonjwa mwingine wa usingizi uliotokea Ulaya, usioletwa na mbung'o. Alipochunguza bongo za waliokufa, aliona kwamba waliolala mno walidhuriwa mahali pamoja, na waliokosa usingizi walidhuriwa mahali pengine palipo mbele kidogo. Hivyo ilijulikana kwamba kulala na kukesha vina makao yao maalumu ndani ya ubongo.

Malale hugusa hisi nyingine pia. Daktari Mfaransa Jean Kérandel, ambaye aliambukizwa yeye mwenyewe mwanzoni mwa karne ya 20, alieleza jambo la ajabu: mgonjwa akigongwa kidogo tu, maumivu huchelewa kuja, kisha huja makali kupita kiasi. Tena mikono hutetemeka, ulimi huwa mzito, miguu huyumba kama ya mlevi. Basi jirani aliyesema ni pombe aliona sawasawa, ila alihukumu vibaya.

NG'OMBE NA KITAMBAA CHA BULUU

Malale ya upande wa Busia ni ya aina ile kali ya Afrika Mashariki. Aina ya magharibi huweza kumla mtu miaka mingi. Hii huua kwa majuma au miezi. Nayo ina siri yake. Mwaka 1958 vijidudu vyake vilipatikana katika mnyama pongo huko Nyanza. Kisha malale yalipozuka Alego mwaka 1964, wachunguzi waliona kwamba hata ng'ombe waliweza kuvichukua, na pengine ng'ombe huyo huonekana mzima. Mwaka 1998 ugonjwa ulitokea Soroti, Uganda, ambako haukuwako kwanza, na uchunguzi ukaonyesha kwamba ulifika pamoja na ng'ombe walionunuliwa mnadani. Wahenga walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini mbung'o naye ana macho na pua, na mwanadamu amejifunza kumnasa kwa hisi zake mwenyewe. Rangi ya buluu humvuta. Kwa hiyo mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi hutundikwa kando ya mito, na vingine hutiwa dawa imwuayo akigusa tu. Pamoja na hayo ng'ombe hupewa dawa na kunyunyiziwa. Mdudu aliyewaharibia watu hisi zao ameangamizwa kwa njia ya hisi zake.

DAWA NA HATARI ZAKE

Madaktari hawawezi kujua kwa kutazama uso kama vijidudu vimefika ubongoni. Hutoa maji kidogo ya uti wa mgongo, na kama vijidudu vimo, au chembe nyeupe zimezidi 5 katika kipimo cha milimita moja ya mraba wa pande tatu, ugonjwa umeingia daraja la pili. Ugonjwa wa damu peke yake ulitibiwa kwa sindano za suramini. Ulioingia ubongoni ulihitaji melasoproli, dawa iliyotokea mwaka 1949, yenye asili ya sumu iitwayo aseniki. Iliponya wengi, lakini kwa kadiri ya mgonjwa 1 katika kila 20 yenyewe ilileta kifo. Fikiri, msomaji, fadhaa ya mama aliyeambiwa kwamba mumewe asipopigwa sindano hii atakufa, na akipigwa huenda akafa pia. Katika Busia, hospitali ya Alupe ndiyo iliyokuwa mahali pa kuwapokea wagonjwa hao kutoka pande zote za Kenya.

Leo pana nafuu. Vidonge vya feksinidazoli, vilivyokubaliwa kwanza kwa aina ya magharibi, vilikubaliwa mwishoni mwa mwaka 2023 kwa aina ya mashariki pia, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika maagizo yake. Mgonjwa huvimeza kwa siku 10.

YATUPASAYO

Katika Kenya mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa miongoni mwa wenyeji alionekana mwaka 2009, na mwaka 2012 wageni wawili waliambukizwa katika mbuga ya Masai Mara. Mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya watu wote tena katika Kenya. Ni ushindi wa haki, ulioletwa na watu wengi wakiwamo wanavijiji waliolinda mitego mtoni.

Hata hivyo ushindi una hatari yake, nayo ni usahaulifu. Mbung'o hawajaisha, ng'ombe wangali wakivuka mpaka kwenda na kurudi, na muuguzi kijana wa leo huenda hajapata kumwona mgonjwa wa malale hata mmoja. Homa isiyosikia dawa ya malaria, pamoja na usingizi wa mchana na ukali mpya wa tabia, yatosha kumfanya mtu aende hospitali na kueleza kwamba aliumwa na mbung'o au alipita katika vichaka vyao. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Hata pasipo malale, mafunzo yanabaki. Yako maradhi mengine yabadilishayo mwenendo kwa kugusa ubongo: malaria iliyopanda kichwani, kifafa, majeraha ya kichwa ya waangukao kwenye pikipiki, na uzee wenye kusahau. Mpole wa jana akiamka mkali leo, au mwenye bidii akisinzia jembeni, tusikimbilie kamba wala mganga wa kuagua, wala tusimtie aibu mbele ya watoto wake. Tumwulize kwanza, tena kwa upole: Ndugu yetu, ulianza lini kuumwa? Swali hilo halina gharama. Kando ya Mto Sio wako waliokufa kwa sababu hapana aliyewauliza mapema.