Mnara Unaojifanya Setilaiti

Mnalijua shimo la Nyankanga, kwenye mgodi wa dhahabu wa Geita? Kwenye shimo refu namna ile, aliye chini huona kipande tu cha anga. Setilaiti za GPS hupita kilomita 20,200 juu, na kipokezi kinahitaji kupata mawimbi ya angalau 4 kwa pamoja. Kuta zikiziba, hakijui kilipo.

Wahandisi wakasema: basi tuweke setilaiti ardhini! Yaani minara inayorusha mawimbi kama yale ya setilaiti. Mgodi wa dhahabu wa Boddington, Australia, umewahi kuitumia. Marubani walitangulia: mwaka 1994, huko California, Boeing 737 ilitua yenyewe mara 110 ikisaidiwa na minara iliyo karibu na uwanja.

Lakini mnara una makosa yake, na hapa ndipo napapenda. Kipokezi hupima muda ambao wimbi limesafiri. Wimbi hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo saa ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa mita 300. Setilaiti ina saa ya atomu; mnara mara nyingi hauna.

Tuseme mnara uko kwenye uwanja wa ndege wa Ibadakuli, Shinyanga, wakati wa masika. Wimbi lake linapita chini chini, katika hewa nzito yenye mvuke, na linachelewa. Jingine linagonga mabati ya nyumba, linadunda, linafika likiwa limezunguka. Kipokezi kinadhani mnara uko mbali zaidi. Tena ndege ikikaribia, mnara unazifunika setilaiti, kama mtu anayepuliza vuvuzela sikioni mwako huku bibi anakunong'oneza ng'ambo ya uwanja.

Ndiyo maana kila kosa huandikiwa hesabu yake. Ndege ya majaribio hurushwa, mahali ilipo hupimwa kwa njia nyingine iliyo sahihi zaidi, kisha majibu hulinganishwa. Kosa linaloeleweka hupunguzwa. Linalobaki huwekewa mpaka: ndege iko hapa, na haiwezi kuwa imepotoka zaidi ya mita kadhaa. Kwangu mimi mpaka huo una thamani kuliko jibu lenyewe, maana abiria wanauegemea bila kuujua. Kwa utuaji wa daraja la kwanza (Category I) unaoongozwa na setilaiti, hitilafu ikivuka kiwango kinachoruhusiwa, rubani lazima apewe tahadhari ndani ya sekunde 6. Akiipata kabla hajauona uwanja, habahatishi: anaongeza nguvu ya injini na kupanda tena.