Joto la jiwe, si la chumba, ndilo linalomweka hai mjusi wa kufugwa

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

MJUSI aliyefungiwa kizimbani anaweza kupewa panzi kila siku, maji safi na pango la kujificha, na bado akafa akiwa ameshiba. Mwili wake ukikosa joto, usagaji wa chakula hudorora na alichokula huweza kuozea tumboni. Joto likizidi na asipate kivuli cha kukimbilia, kifo huja haraka zaidi, pengine kwa dakika chache tu.

Namna mjusi anavyolitumia jua huonekana wazi kwenye miamba ya Usukuma. Kuanzia Shinyanga hadi Geita, mawe makubwa ya graniti hujitokeza kati ya mashamba ya pamba, vijiji na maeneo ya machimbo. Jua likishapanda kidogo, mijusi hutoka nyufani na kujilaza bapa juu ya mawe hayo. Mwamba unapoanza kuunguza, huinua miili yao, kisha huhamia upande wenye kivuli au hurudi ufani. Alasiri hutoka tena. Siku nzima hupita hivyo, mnyama akihama hatua chache tu kutafuta joto linalomfaa.

Katika ukanda wa miamba wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, aliyepata umaarufu kupita wenzake ni mjusi wa jamii ya agama aliyepewa jina la kisayansi la Agama mwanzae, kutokana na mji wa Mwanza. Mtaalamu wa wanyama Arthur Loveridge ndiye aliyemtangaza kisayansi mwaka 1923. Dume lina kichwa na mabega mekundu na mwili wa bluu iliyokoza, rangi ambazo zimewafanya watu wa nchi za nje wamwite kwa jina la shujaa wa filamu, Spider-Man. Kutokana na rangi hizo ameingia katika nyumba za wafugaji wa Ulaya na Marekani, ambao hulipia umeme mwaka mzima ili kuiga kile ambacho jiwe la Usukuma hukipata bure.

Hata hivyo, anayetamani kumkamata mjusi wa porini na kumfuga anapaswa kuijua sheria kwanza. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, na kuwakamata au kuwamiliki kunahitaji kibali. Biashara ya kuwasafirisha nje wakiwa hai ilisitishwa na serikali mwaka 2016. Juni 2022 lilitolewa tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara kuondosha wanyama waliobaki mikononi mwao, lakini nalo likasitishwa muda mfupi baadaye. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya wanyamapori ya wilaya.

Kwa mwenye mjusi aliyepatikana kihalali, swali la kwanza huwa ni nyuzi ngapi. Jibu sahihi si namba moja. Shuleni mjusi huitwa mnyama wa damu baridi, jina linalopotosha, kwa kuwa saa sita mchana damu ya agama aliyetoka kuota jua huweza kuwa na joto sawa na la binadamu au hata kulipita. Tofauti ni kwamba binadamu hulitengeneza joto lake mwilini, ilhali mjusi hulifuata lilipo. Mwaka 1944, Wamarekani Raymond Cowles na Charles Bogert walichapisha utafiti wao juu ya wanyama watambaao wa jangwani, wakaonyesha kuwa wanyama hao hudhibiti joto la miili yao kwa kuhama kati ya jua na kivuli. Jambo lililo muhimu zaidi kwa mfugaji ni kwamba joto wanalolipenda na lile linalowaua hutofautiana kwa nyuzi chache tu.

Kwa hiyo kizimba kinapaswa kuwa na pande mbili. Kwa agama wa miamba, wafugaji wengi hulenga jiwe la kuotea lenye nyuzi joto kati ya 45 na 50 za sentigredi juu ya uso wake, huku upande wa pili, wenye kivuli, ukibaki kati ya 25 na 28. Jiwe lenye nyuzi 50 halimdhuru, mradi aweze kuliacha. Kizimba kidogo chenye nyuzi 38 kila kona kinaweza kumuua, ingawa namba hiyo inaonekana ya wastani. Urefu wa kizimba, basi, ni sehemu ya kipimo cha joto.

Kipimajoto cha kubandika ukutani hupima hewa, si jiwe. Kinachohitajika ni kile cha kuelekeza na kubonyeza, kama wanachotumia mafundi wa majokofu na mitambo, na miji ya migodi kama Kahama na Geita haikosi mafundi wa aina hiyo. Vile vya kupima paji la uso vilivyoenea wakati wa UVIKO-19 havifai, kwani vimetengenezwa kwa joto la binadamu na vingi havisomi jiwe lililofika nyuzi 45.

Katika hali ya hewa ya Shinyanga, kosa la hatari zaidi ni kuweka sanduku la kioo juani. Kioo hupitisha mwanga na kunasa joto, na sanduku hilo hugeuka tanuri, sawa na gari lililofungwa vioo na kuachwa juani. Kioo hichohicho huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno aina ya B, ambayo mjusi huihitaji ili ngozi yake itengeneze vitamini D3. Akiikosa, mifupa hulainika na taya na miguu hupinda, mithili ya matege kwa watoto. Kizimba cha wavu kinachotolewa nje saa za asubuhi, nusu yake ikiwa kivulini, huondoa matatizo yote mawili, na hakigharimu umeme wowote. Kuezeka bati bila nafasi ya hewa chini yake ni kurudisha tanuri kwa mlango wa nyuma.

Anayelazimika kufugia ndani atahitaji taa mbili: moja ya joto na nyingine ya mionzi. Balbu za LED haziwezi kuwa chanzo cha joto, kwa sababu zimeundwa zisipoteze umeme kwa kuunguza. Balbu ya zamani ya waya hufaa, na joto la jiwe hurekebishwa kwa kuipandisha au kuishusha, ikiwa nje ya wavu ili mnyama asiiguse. Mawe ya umeme yanayopashwa kutoka chini ni bora yaachwe; mjusi amezoea joto la juu yake na huweza kuungua tumbo bila kuondoka.

Mnyama mwenyewe hutoa taarifa. Anayeachama mdomo juu ya jiwe anapunguza joto, na akifanya hivyo hata upande wa kivuli, kizimba kizima kimezidi. Asiyeondoka chini ya taa kutwa nzima anapata joto dogo mno. Dume lililofifia rangi mchana huenda lina baridi au hofu.

Usiku taa zote huzimwa. Baridi ya Juni na Julai, inayoshuka chini ya nyuzi 20, si mgeni kwa mjusi wa Usukuma, almradi asubuhi jiwe lipate moto. Umeme ukikatika mchana wa mawingu, asilishwe mpaka jiwe lipate joto tena.