Je, Wajua? Nani Alitisha, Nani Alichemsha

Tamasha likiisha uwanjani, la pili huanzia kwenye basi la kurudi nyumbani: la mabishano. Huyu alitisha, yule alichemsha, na fulani arudishe viingilio vya watu! Haya hapa machache ya kukupa silaha kwenye ubishi wako ujao.

Nyota mkuu alipanda jukwaani watu washaondoka

Tamasha la muziki la Woodstock, Agosti 1969, lilifanyika kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur huko Bethel, jimbo la New York. Watu walikadiriwa kufika 400,000: ujaze Uwanja wa Benjamin Mkapa mara sita, na bado wengine wabaki getini. Jimi Hendrix alipangiwa kufunga shughuli Jumapili usiku, lakini mvua na ucheleweshaji vilimsukuma hadi Jumatatu, saa tatu asubuhi. Wengi walishafunga virago kuwahi kazini. Ndipo akaupiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa la umeme, akiupindapinda hadi ukalia kama mabomu yanayodondoka, na Vita vya Vietnam vilikuwa bado vimepamba moto. Kwa hiyo sehemu kubwa ya waliokwenda Woodstock waliiona shoo hiyo kwenye filamu ya tamasha hilo ya 1970, kama sisi tu.

Wengine walipigwa shoti, wengine walipigia waliolala

Jumamosi usiku, hapo hapo Woodstock, jukwaa lilikuwa limelowa na umeme ulikuwa unavuja. Bob Weir wa bendi ya Grateful Dead alikuwa akisogea kwenye maikrofoni anapigwa shoti. Shoo ikasuasua, na wenyewe waliihesabu miongoni mwa mbovu kuliko zote walizowahi kupiga.

Waliofuata, saa sita usiku ikiwa imepita, ni Creedence Clearwater Revival. Kiongozi wao, John Fogerty, alitazama gizani akaona watu wamelala fofofo kwenye tope. Anasimulia kwamba mtu mmoja tu, mbali kabisa, aliwasha kiberiti cha gesi na kumpigia kelele kwamba wako naye. Basi, akampigia huyo mmoja shoo nzima. Kwa jinsi alivyoona wamechemsha, alikataa bendi yake isiwekwe kwenye ile filamu. Rekodi kamili ilitoka 2019, miaka 50 baadaye. Isikilize: bendi inawaka moto mwanzo hadi mwisho. Kwa maoni yangu hapa Fogerty alijionea bure.

Wimbo maarufu ulizaliwa kwa kuishiwa nyimbo

Richie Havens ndiye aliyefungua Woodstock, kwa sababu wenzake walikwama kwenye foleni ya magari. Kila akitaka kushuka anaambiwa aendelee. Nyimbo zikamwishia. Akaanza kurudiarudia neno moja, "uhuru", akalichanganya na wimbo wa zamani wa Wamarekani weusi, na hapo hapo ukazaliwa wimbo uliomtambulisha maisha yake yote.

Santana hakuwa na albamu hata moja sokoni

Albamu ya kwanza ya bendi ya Santana ilitoka wiki mbili baada ya Woodstock. Carlos Santana, umri miaka 22, alikuwa ametumia dawa ya kulevya akidhani zamu yake iko mbali. Kumbe anaitwa sasa hivi. Alisimulia baadaye kwamba aliona gitaa likijinyonganyonga mikononi kama nyoka. Wewe ukitazama video unaona tu kijana anakunja uso kwa hisia!

Tamasha la Harlem lilikaa kabatini nusu karne

Kiangazi hicho hicho, kilomita 160 hivi kutoka Woodstock, watu wapatao 300,000 walihudhuria maonyesho ya bure ya Harlem, jijini New York, kwa Jumapili sita. Nina Simone alikuwepo, B.B. King alikuwepo, na Stevie Wonder, miaka 19, aliacha kinanda akachapa ngoma. Picha za video zilipigwa, lakini karibu hakuna aliyezitaka hadi ilipotoka filamu ya *Summer of Soul* mwaka 2021, ikatwaa Oscar.

Kilichonifurahisha zaidi ni cha tarehe 20 Julai, siku binadamu alipotua mwezini. Waliohojiwa uwanjani pale walisema fedha za safari hiyo zingewalisha wenye njaa wa Harlem.

Ngumi ziliahirishwa Kinshasa, muziki haukungoja

Septemba 1974 Zaire (Kongo-Kinshasa ya leo) iliandaa siku tatu za muziki kusindikiza pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi Oktoba 30. Wanamuziki walikuwa wameshafika: James Brown, Celia Cruz, Miriam Makeba, na wenyeji Franco na Tabu Ley. Wakapiga. Albamu ya wasanii wa Afrika waliokuwepo ilitoka 2017. Miaka 43!

Ukisimama nyuma, unasikia yaliyopita

Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ukiwa mita 170 kutoka jukwaani, unaona fimbo ya mpiga ngoma ikishuka, na mlio unakufikia nusu sekunde baadaye. Ndiyo maana mafundi husimamisha spika katikati ya uwanja na kuzichelewesha makusudi, ili zilingane na sauti inayotoka mbele. Usiku ardhi ikipoa, hewa ya chini hupoa pia na kuikunja sauti irudi chini. Ndiyo sababu muziki wa harusi ya mtaa wa pili hukufuata hadi kitandani. Mkibishana kuhusu shoo moja, ulizaneni kwanza mlisimama wapi.

Kiingilio pauni moja, maziwa bure

Glastonbury ya Uingereza ilianza 1970, nayo pia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa: kiingilio pauni moja, na maziwa unapewa bure. Mwaka 1997 Thom Yorke wa Radiohead alikaribia kushuka jukwaani: spika zake zimekufa, taa zinamchoma macho. Leo shoo hiyo inatajwa miongoni mwa bora kuliko zote za pale. Mwaka 2008 Noel Gallagher wa Oasis alilalamika kwamba hip hop haina nafasi Glastonbury. Rapa Jay-Z akaingia na gitaa, akaanza kwa kuimba wimbo wa Oasis. Umati mzima ukamwitikia.

Zanzibar hukumu hutolewa kwa noti

Kwenye taarabu hungoji gazeti la kesho. Ubeti ukimgusa, bibi huinuka na noti juu, anakwenda kwa madaha, taratibu, kila mtu amwone, anamtunza mwimbaji. Wakati mwingine anayelengwa na noti ile si mwimbaji, ni mbaya wake aliyekaa kiti cha tatu.

Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, nalo lina sharti lake: msanii apige laivu, si kufunguafungua mdomo juu ya muziki uliorekodiwa. Hufanyika Februari, Mji Mkongwe. Ukipata nauli, nenda ukahukumu mwenyewe.